Furukombe Aliyeshiba

Na ijulikane kwa watu wote, wenye vyeo na wasio navyo, kuanzia Dilolo mpakani hadi Kolwezi penye moshi, ya kwamba katika kiangazi cha mwaka 1957 bweni la shule ya mapadri, kando ya ziwa la Nzilo, lilipata mtawala mpya. Jina lake Stanislas Kalombo, Mfalme wa Vitanda Vyote, Mlinzi Mkuu wa Madirisha, Bwana wa Ndoo za Kuogea, mwenye umri wa miaka kumi na mitano na ujuzi wa kutisha wa Kilatini.

Mfalme huyo hakuwa na raia hata mmoja.

Wenzake walikuwa wameondoka kwa likizo kubwa, wa Dilolo kwa gari moshi, wa Sandoa kwa lori, wa Kolwezi kwa miguu huku wakiimba nyimbo ambazo mapadri hawakuwafundisha. Kalombo alibaki. Baba yake, Badibanga, alikuwa amemaliza mkataba mgodini akarudi kwao Kasai na mke mpya, na Kasai haikuwa mahali pa kwenda likizo, ilikuwa mahali pa kufika likizo ikiwa imekwisha. Mama yake alikuwa kwenye makaburi ya kambi ya wachimbaji, na kaburini hakulali mgeni.

Alijaribu kutawala vizuri. Asubuhi alisimama katikati ya bweni akaita majina kwa sauti ya padri msimamizi, kisha akajibu mwenyewe kwa sauti za wenyewe.

"Mukalay?"

"Niko!"

"Mbuyu?"

"Mugonjwa, mon père! Tumbo!"

Mwanzoni alicheka hadi akakaa chini. Baadaye alitabasamu tu. Halafu akaliruka jina la Mukalay, kwa kuwa kitanda cha Mukalay ndicho kilichokuwa karibu na chake, na godoro lililokunjwa lilionekana kama mtu aliyempa mgongo.

Akajaribu mizaha. Alitia chumvi kwenye kahawa ya Padri Henri, mzee aliyekuwa amebaki kulinda nyumba. Padri alikunywa hadi mwisho, akafuta masharubu, akarudi kwenye kitabu chake cha sala. Kalombo, aliyejificha nyuma ya mlango na ngumi mdomoni tayari kuzuia kicheko, alibaki na ngumi yake mdomoni. Mzaha unahitaji watu wawili zaidi ya yule anayetaniwa, mmoja wa kuufanya na mmoja wa kuuona. Yeye alikuwa mmoja tu.

Ndipo alipokuja Tata Banza, yaani Baba Banza.

Alishuka kwenye lori la Kolwezi, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani na goti bovu lililomfanya atembee kana kwamba kila hatua anaiuliza swali. Alikuwa mpiga picha kutoka Elisabethville. Sanduku lake hakumpa dereva wala mtumishi, alilibeba kama mtu anavyombeba mtoto mwenye homa. Ndani yake, ndani ya blanketi dogo la manjano, mlikuwa na lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima.

"Tata, hii blanketi ya mutoto?" Kalombo aliuliza, maana alikuwa ameshajiteua mkaguzi wa mizigo.

"Ya mutoto wangu wa mwisho. Sasa analala mu blanketi ya bakubwa." Banza alimtazama. "Na weye, ni mutoto wa nani?"

"Mimi ni serikali ya mahali hapa."

"Aka! Bon. Serikali, beba hii miguu tatu."

Hivyo ndivyo Mfalme wa Vitanda Vyote alivyopata cheo cha kwanza chenye kazi ndani yake, kubeba kigoda cha chuma chenye miguu mitatu ambacho kamera ilisimama juu yake. Kilikuwa kizito, na kilimuuma bega. Hakuwa amefurahi hivyo tangu shule ifungwe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Duka moja kubwa la Elisabethville lilikuwa na nembo ya tai, na lilitaka kalenda ya mwaka mpya yenye tai wa kweli, akiruka, mabawa wazi. Wazungu wa duka walikuwa wamesikia kwamba huku Nzilo, tangu mto Lualaba uzibwe na maji yapande juu ya msitu, furukombe wamekuwa wengi. Furukombe ni yule tai mvuvi mwenye kichwa cheupe, anayelia kama mtu anayecheka peke yake. Miti iliyozama ilikuwa bado imesimama majini, mikavu, myeupe, haina jani. Juu ya mmoja wao, mrefu kuliko yote, alikaa furukombe mmoja bila mwenzake.

"Ile ndege bantu bote banaiona," Banza alisema walipokaa ufukweni siku ya kwanza, magoti chini, kati ya matete. "Lakini banaionaka imekaa. Kukaa, hata mi niko nakaa. Mi nataka ikiruka."

"Na ukiipata, tata?"

"Nikiipata, napanda lori ya kwanza. Mama wa nyumbani ananingojea."

Alisema hivyo huku akikaza skrubu, bila kuinua macho. Kalombo aling'oa tete, akalivunja vipande vidogo.

Lenzi ndefu, Banza alimweleza, inaona mbali lakini haioni pembeni. Mtu akishatia jicho mle ndani anakuwa kipofu wa vitu vingine vyote. Kwa hiyo lazima awepo mwingine wa kutazama kwa macho ya kawaida na kusema ndege anakwenda wapi. Kalombo akawa macho ya pembeni. "Inainua bawa!" alinong'ona. "Inashuka! Upande wa mti uliovunjika! Kulia, tata, kulia!" Na Banza alizungusha lenzi, goti likilia, akabonyeza, na kila mara ndege alikuwa ameshapita.

"Usiifuate," Banza alisema, akiwa anasema na mikono yake mwenyewe. "Ukiifuata umechelewa. Uitangulie. Upige pale yenye kuenda, hapana pale yenye iko."

Ili ndege aruke mahali anapotaka, alitumia hila ya wavuvi. Alichukua samaki mbichi, akamtia kipande cha tete tumboni ili aelee, akamtupa pale ambapo mwanga ulikuwa mzuri. Furukombe aliinamisha kichwa, akapima, akajitupa kutoka mtini. Mara ya kwanza picha ilikuwa ya maji matupu. Mara iliyofuata, Banza alisema, lazima alikuwa amepata bawa moja na mguu. Jioni ile alipangusa lenzi kwa kitambaa, polepole, akipiga mluzi.

"Kesho tunaipata," alisema. "Sasa najua mwendo yake."

Usiku ule, Banza akiwa kwenye chumba cha wageni cha mapadri, Kalombo alilala akisikiliza bweni. Bweni tupu lina sauti nyingi, bati linalopoa, mlango unaojifikiria kufunguka, na katikati ya hizo hakuna hata pumzi moja isiyo yako. Akilini alimwona Banza akipanda lori na blanketi la manjano. Aliona vumbi la lori likitua.

Kabla ya jua kuchomoza, Serikali ya Mahali Hapa ilikwenda jikoni kwa vidole vya miguu. Mama Adolphine, mpishi, aliweka samaki wake hai ndani ya pipa la maji lenye mfuniko. Kalombo akachukua mmoja, mnene, akamtia tete tumboni kama alivyoona, akaingia majini hadi magotini. Ukungu wa kiangazi ulikuwa umelala juu ya ziwa na baridi ilikata kama wembe. Furukombe hakumwona. Kalombo alihitaji kumwita kwa namna fulani, na kwa kuwa hakujua lugha ya ndege, alimwita kwa lugha ya heshima kuliko zote alizokuwa nazo.

"Rosa, rosa, rosam!" aliimba, kama wanavyoimba darasani. "Rosae, rosae, rosa!"

Akainua mkono, akamtupa samaki mbele yake, na ndege akaja. Akamchukua samaki, akarudi mtini, akala. Na siku ile nzima, mbele ya lenzi ya Elisabethville, mbele ya samaki wa Banza aliyeelea kwenye mwanga mzuri kabisa, furukombe alikaa na shibe yake kama chifu baada ya sikukuu. Alijikuna. Alifumba jicho moja. Samaki wa Banza alichukuliwa na mnandi, ndege mweusi mzamiaji.

"Pengine iko mugonjwa," Banza alisema.

"Pengine inasali," alisema Kalombo. "Leo ni Ijumaa."

Banza alicheka, akatoa viazi vitamu vilivyochomwa, wakala wawili, wakatazama ndege asiyeruka. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za likizo. Kalombo alielewa kwamba siku nzuri inaweza kutengenezwa, kwa samaki mmoja.

Ikawa desturi. Alfajiri, pipa, tete, Kilatini. Ndege alizoea hata akawa anashuka tawi moja akisikia neno la kwanza. Mchana, kukaa kwenye matete na Tata Banza, aliyesimulia habari za watu waliokuja kupigwa picha, fundi wa treni aliyekataa kuvua kofia hata akiwa na bibi harusi, bibi mmoja aliyetaka picha ya mume wake marehemu na kuleta koti lake tu. Kalombo naye alisimulia ya bweni, na kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze, mizaha yake ilipata mtu wa kuicheka.

"Weye Mukasai, unasemaka kama redio," Banza alimwambia. "Mu nyumba yenu nani anakuzimaka?"

"Hakuna mtu, tata. Niko redio ya bweni tupu."

Alisema kwa sauti ya mzaha, lakini Banza hakucheka. Badala yake alisogea akampisha mbele ya kamera. "Tazama. Siku yote unaangalia tu kwa macho ya bure."

Kalombo akatia jicho. Kwanza aliona weupe tu. Kisha Banza akamwongoza mkono, akazungusha pete, na ng'ambo ya ziwa ikaja mbio ikasimama mbele yake. Kulikuwa na nyumba ya wavuvi, ambayo kwa macho ya kawaida ilikuwa nukta. Mwanamume alikuwa ameketi mlangoni na sahani ya bukari, yaani ugali, magotini. Mtoto wa kiume alisimama mbele yake akisimulia jambo kwa mikono yote miwili, na mwanamume akatupa kichwa nyuma akacheka. Kalombo aliona meno yake. Aliona mtoto akimega tonge kwenye sahani ile ile. Hakusikia kitu. Walikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuwagusa, nao hawakujua kwamba yupo, na alipoondoa jicho walirudi kuwa nukta.

"Umeona ndege?" Banza aliuliza.

"Ndiyo," alisema Kalombo. "Wawili."

Jikoni, wakati huo, dola ilikuwa taabani.

"Kalombo! Samaki yangu inaendaka wapi?"

"Mama Adolphine, kwa maoni yangu ya kitaalamu, huyu ni fisi maji. Wanapenda mapipa."

"Fisi maji." Mama Adolphine aliweka mikono kiunoni. "Fisi maji inakula samaki, kiisha inarudisha mufuniko?"

"Waliolelewa na mapadri, ndiyo, mama."

Mwiko ulimkosa kwa kidogo.

Siku zikaenda, na Banza akapungua. Hakukonda, maana viazi vilikuwepo, lakini maneno yake yalipungua na mluzi ukaisha. Jioni moja, wakipangusa vumbi, alisema bila kuulizwa:

"Unajua picha zangu ziko mu nyumba ngapi? Elisabethville yote, Jadotville, mpaka Kolwezi. Harusi, ubatizo, mauti. Gazeti nayo ilichukua moja, ya daraja. Hakuna hata moja yenye iko na jina yangu. Banasema, ni picha, si inatosha?" Alikunja blanketi mara mbili. "Ile bwana ya kalenda aliniambia, Banza, ukileta tai inaruka, chini yake tutaandika jina. Mutoto wangu wa kwanza anajua kusoma sasa. Nilitaka asome pale, kwa ukuta ya mutu mwingine."

Kalombo alisikia kila neno. 

Asubuhi yake alikwenda pipani tena.

Halafu dereva wa lori akaleta ujumbe wa mdomo kutoka mjini. Duka halingoji zaidi. Lori la kesho lingemchukua Banza, akiwa na tai au bila tai. Akikosa, kiwanda cha uchapaji kingeweka tai wa kuchorwa, wa Ulaya, na shughuli ingekuwa imekwisha.

"Basi tuna leo," alisema Banza, na akaenda kuomba samaki.

Mama Adolphine alikuwa amesimama mbele ya mlango wa jiko, na mlango ulikuwa na kufuli jipya.

"Hapana, Tata Banza. Heshima yote, lakini hapana. Ndege yenu inakula kuliko bapadri. Ile yenye munatupa mbele ya macho yangu, na ile yenye inapotea nyuma ya mugongo yangu, yenye Kalombo anasemaka ni fisi maji. Padri Henri anakula majani ya sombe tupu tangu Jumatatu. Leo samaki haitoke."

Kufuli lile lilikuwa limewekwa tangu jana yake jioni. Kwa hiyo alfajiri ile, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, furukombe hakuwa amelishwa na mtu. Kalombo alilijua hilo. Banza hakulijua. Yeye alikwenda kwenye matete mikono mitupu, akasimamisha miguu mitatu, akatia jicho, akangoja.

Wakangoja. Mvuke wa asubuhi ukainuka na kuisha. Mbali, upande wa Kolwezi, baruti ya mgodi ilitikisa hewa, na korongo wote wa ziwa wakaruka kwa pamoja kama nguo iliyokung'utwa, kisha wakatua. Furukombe hakusogea. Njaa alikuwa nayo, hilo lilionekana kwa alivyokuwa akigeuza kichwa, lakini hakutazama maji. Alitazama matete. Alimtazama Kalombo, moja kwa moja, kama mteja anayemtazama mhudumu aliyechelewa.

Kalombo akajikunyata nyuma ya kigoda.

Mchana ukapita, mwanga ukawa wa dhahabu, ule ambao Banza aliusifu kila siku na kuulaani kila siku kwa kuwa ulidumu kidogo. Vivuli vya miti iliyozama vikarefuka hadi ufukweni. Banza aliondoa jicho kwenye lenzi, akasugua uso wote kwa kiganja.

"Bon," alisema. "Ndege nayo ina haki ya kukataa." Akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.

Kalombo aliutazama mkono ule. Skrubu ikizunguka mara chache zaidi, lenzi ingeingia ndani ya blanketi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua lolote. Banza angeondoka akilaumu bahati. Pengine angemwandikia barua, kwa rafiki yake wa Nzilo aliyebeba miguu mitatu bila kulalamika. Njia nyingine ilikuwa mdomoni mwake. Kwa vyovyote lori lingekuja kesho.

"Tata, usifungue," alisema. "Tia jicho."

"Mwanga inaenda, mutoto."

"Tia jicho, tata, nakuomba. Elekeza pale mbele yangu, penye maji yanang'aa. Usiifuate. Uitangulie."

Kabla Banza hajauliza, Kalombo alikuwa ameshatoka kwenye matete na viatu vyake vya shule, akaingia majini hadi magotini, akasimama wazi kabisa, mahali ambapo mwindaji yeyote angesema ndege hatakaribia. Aliinua mkono uliokuwa mtupu. Sauti ilitoka, nyembamba, ikatapakaa juu ya ziwa.

"Rosa, rosa, rosam!"

Furukombe akashuka tawi moja.

"Rosae, rosae, rosa!"

Ndege akajitupa. Hakwenda kulia wala kushoto. Alikuja moja kwa moja, chini juu ya maji, mabawa yamefunguka yote, kichwa cheupe mbele, makucha yameanza kushuka kumpokea samaki ambaye hakuwepo. Kalombo aliona jicho lake la kahawia. Nyuma yake alisikia kamera ikilia, kimya kifupi cha kusogeza filamu, ikalia tena, na tena. Upepo wa mabawa ulimpiga usoni. Furukombe akazunguka mara moja, hakuona kitu, akalia ule mcheko wake wa pekee, akarudi mtini. Hapo akakaa na kumpa mgongo.

Kalombo alibaki majini, kwa sababu majini palikuwa mbali kidogo. Alimsikia Banza akifunika lenzi, akishusha pumzi, goti likilia alipoinuka.

"Nimeipata," Banza alisema. Haikuwa sauti ya mtu aliyepata. "Mabawa yote mbili. Uso yote." Kisha: "Kuja huku."

Kalombo akaja. Viatu vilimwaga maji.

"Tangu lini furukombe inajua Kilatini?"

Alikuwa na majibu. Alikuwa na la Mtakatifu Fransisko, na la ndege wa mapadri, na moja zuri sana kuhusu Papa. Yote yalikuja mlangoni mwa mdomo yakasimama pale, kama wanafunzi waliochelewa misa.

"Haikuwa fisi maji," alisema.

"Najua haikuwa fisi maji. Nauliza weye."

"Mi njo nilimushibisha, tata. Kila asubuhi, mbele haujaamka. Na samaki ya Mama Adolphine. Alikuwa anashiba, njo sababu hakuwa anaruka. Hakukuwa ugonjwa. Hakukuwa bahati yako. Ni mimi."

Banza alimtazama kama alivyotazama vitu vyote, bila haraka, akitafuta pa kusimama. "Juu ya nini?"

"Ulisema ukiipata, unapanda lori ya kwanza."

Ziwa lilikuwa limekwisha kuwa jeusi chini ya miti. Ng'ambo, pale kwenye ile nukta, mtu aliwasha taa. Banza alifungua mdomo, lakini Kalombo aliinua mkono, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza, na alijua kwamba akinyamaza sasa hatamaliza tena.

"Na iko ingine, tata. Ile jioni ulinielezea juu ya jina yako, juu ya mutoto wako kusoma. Nilisikia muzuri. Nilisikia yote." Akatazama viatu vyake vilivyolowa. "Na asubuhi yake nilimupelekea samaki mbili."